Nyumba mpya Mbeya: usimalize kulipa kabla haijanyeshewa masika moja

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Jiji la Mbeya upande wa Uyole. Mwaka juzi, baada ya kupokea mafao yangu, niliamua kununua nyumba iliyokwisha badala ya kujenga, kwa hoja ambayo wakati ule niliiona ya busara: kwamba umri umekwenda, mafundi wanahitaji kusimamiwa tangu alfajiri, na mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka 35 hana anachokijua kuhusu zege. Nyumba niliyoonyeshwa ilikuwa ya vyumba vitatu, mpya kabisa, rangi ya maziwa nje na ndani, marumaru zinazong'aa mpaka unaona aibu kuingia na viatu, dari ya jipsamu yenye maua na taa zilizofichwa. Niliitazama Septemba na nikalipa Septemba hiyohiyo. Kosa langu lote limo katika mwezi huo.

Kwa wasioijua Mbeya, mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kati ya Juni na Oktoba hakuna tone la maana linaloanguka. Nyumba ikimaliziwa Agosti na kuuzwa Septemba, mnunuzi anatazama ukuta ambao haujawahi kukutana na maji isipokuwa yale ya ndoo ya fundi. Paa halijavuja kwa sababu hakuna cha kuvuja, ardhi imekauka na kushikamana kama jiwe, na rangi mpya imefunika kila kitu. Ndiyo maana msimamo wangu, ambao nauleta hapa ili wenye ujuzi waupinge wakiweza, ni kwamba nyumba mpya ya Nyanda za Juu Kusini haijafaa kuuzwa mpaka ipitiwe na masika moja kamili, na anayekuharakisha umalize malipo kabla ya Novemba ana sababu zake.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza, mwishoni mwa Desemba. Alikuwa akisogeza kitanda cha mjukuu, akakuta rangi imevimba chini ya ukuta, kimo cha shubiri moja kutoka sakafuni, kama ngozi ya mkono uliounguzwa na maji ya moto. Alipoigusa ilipasuka, ukamwagika unga mweupe wenye ladha ya chumvi. (Ladha yake naijua kwa sababu niliuonja; ualimu wa sayansi haustaafu.) Kufikia Februari mstari wa unyevu ulikuwa umefika magotini katika kuta zote za upande wa mlimani. Sebuleni ulijitokeza ufa kutoka pembe ya juu ya dirisha, ukapanda mshazari kuelekea darini, mpana kiasi kwamba sarafu ya shilingi 100 iliingia ikasimama yenyewe. Marumaru za ukumbini nazo, ukizigonga kwa fundo la kidole, nyingine zililia kama debe tupu.

Nilimwita fundi mzee wa mtaani. Hakuja na chombo chochote ila msumari wa inchi nne. Aliuelekeza kwenye plasta iliyolowa, akausukuma kwa kidole gumba, nao ukazama kama unaingia kwenye ugali wa moto. Kisha tukatoa tofali zima chini ya dirisha la stoo. Kwa nje lilikuwa jekundu zuri, lakini tulipolimega pembe, ndani lilikuwa na rangi ileile ya udongo wa shambani. Tulilikausha kando ya jiko la kuni kwa wiki nzima, nikalipeleka dukani kwa jirani kulipima: kilo 2.4. Nililitumbukiza kwenye ndoo jioni, na jioni ya pili nikalipima tena: kilo 3.1, huku maji ya ndoo yamekuwa mekundu na tope limetuama chini. Kwa hesabu hiyo lilikunywa karibu asilimia 29 ya uzito wake, ilhali tofali la kuchoma lililoiva halipaswi kuzidi takriban asilimia 20 kwa saa 24.

Wote tunajua matofali haya yanakotoka. Tanuru hupangwa uwanjani na kuwashwa kwa kuni, na matofali ya pembeni na ya juu hayapati moto sawa na ya katikati. Mchomaji mwaminifu huyatenga, akayauza kama uchafu au akayarudisha kwenye moto wa awamu inayofuata. Lakini ajengaye nyumba ya kuuza anajua kwamba plasta itakuja juu yake na rangi juu ya plasta, kwa hiyo huyanunua hayohayo kwa bei ya chini. Sina ugomvi na tofali la kuchoma. Likiiva vizuri, ukigonganisha mawili hulia kama chuma, na nyumba nyingi za zamani hapa mjini zimelitumia na bado zimesimama wima. Ugomvi wangu ni na lile lisiloiva.

Msingi ulipofukuliwa pembeni, tulikuta umeinuka juu ya ardhi kozi moja tu (safu moja ya matofali), na kati ya msingi na ukuta hakuna ile nailoni ya kuzuia unyevu ambayo mafundi huiita DPC. Ni karatasi nyeusi, nyepesi, bei yake haifiki hata gharama ya taa mbili za mapambo za dari yangu. Kazi yake ni kuukata unyevu usipande kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya tofali, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na hukaa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ili matone ya mvua yanayoruka yasiivuke. Nyumba yangu, kwa kifupi, ilikuwa utambi.

Kuhusu ufa, fundi alifungua plasta juu ya dirisha akakuta lenta (boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha) fupi, inayoishia shubiri moja kila upande wa dirisha. Hakukuwa na mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima. Jambo hili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko unyevu. Mbeya imekaa pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana, wa Rukwa, wa Ziwa Nyasa na wa Usangu. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika. Na wote tunakumbuka Kagera, Septemba 2016, tetemeko la 5.9, dogo sana ukililinganisha na hilo, lilivyoangusha kuta za matofali zisizo na kitu cha kuzifunga pamoja. Mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote ndio unaozifanya zitikisike kama sanduku moja badala ya kila ukuta kwenda njia yake. Kuuondoa ili kuokoa nondo chache katika mji huu ni jambo ambalo sipati neno la heshima la kuliita.

Nilimpigia simu aliyeniuzia. Alinieleza kwa upole kabisa kwamba nyumba mpya lazima "ipumue" na kwamba ufa ni nyumba "inakaa vizuri". Nilipopiga mara ya tatu simu haikupokelewa, na haijapokelewa hadi leo. Mkataba wetu ulikuwa wa kurasa mbili, unaeleza mipaka ya kiwanja kwa ufasaha na hausemi neno hata moja kuhusu hali ya jengo.

Naomba michango ya wenye uzoefu, hasa mafundi na walionunua nyumba mpya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe.

Fundi wa Mbalizi

Mwalimu, shikamoo na pole sana. Nimesoma maelezo yako mara mbili na sina la kuyakanusha. Naomba tu kuongeza upande wetu, kwa sababu mara nyingi fundi huonekana mwizi kabla hajasikilizwa.

Masika unayoyasema ni kipimo kizuri, lakini maradhi yenyewe huanza kiangazi, na chanzo chake ni maji kukosekana wakati yanapotakiwa. Watu wengi hudhani saruji hukauka. Saruji haikauki, inaiva, na inaiva kwa maji. Zege na plasta vinatakiwa kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba zisizopungua, na nguvu ya zege huhesabiwa kwa siku 28. Sasa tazama hali ya hewa yetu: Juni na Julai usiku ni baridi kali inayoichelewesha saruji kuiva, na mchana kuna jua na upepo mkavu unaonyonya maji yote kabla ya saa nane. Ukuta uliopigwa plasta asubuhi huwa mweupe jioni, bosi akafurahi kwamba umekauka, na mimi najua kwamba umekufa. Zile nyufa ndogondogo zinazosambaa kama ramani ya mito huzaliwa siku hiyo, ijapokuwa mwenye nyumba huziona miezi sita baadaye.

Kwa nini hatumwagilii? Anayejenga nyumba ya kuuza hunilipa kwa kazi, hanilipi kwa siku. Nikimaliza ukuta nimelipwa ukuta. Kurudi siku saba na ndoo hakuna anayenilipa, saidia fundi naye ameshakwenda eneo jingine, na kiangazi maji ya bomba huku pembezoni yanakuja kwa zamu. Hivyo hivyo kwa matofali ya kuchoma: yanatakiwa kuloweshwa kabla ya kujengewa, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya udongo wa kujengea, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, likauacha unga mtupu. Zoezi hilo linahitaji pipa la maji na kijana mmoja wa kufanya kazi hiyo peke yake. Katika nyumba za kuuza nilizofanyia kazi, pipa hilo nimeliona mara mbili.

Kuhusu msumari wako kuzama, hapo kuna hesabu ya toroli. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unachukua mchanga wa toroli mbili ukitaka plasta imara, tatu ukibana. Nimeagizwa kuchanganya toroli sita. Tena mchanga wenyewe si mchanga: ni udongo wa majivu ya volkano uliochotwa mahali pa karibu ili kuokoa gharama ya lori. Ukitaka kuujua, jaza chupa ya maji nusu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la tope litakalokaa juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, usiukubali. Na udongo wa kujengea uliochanganywa saa mbili asubuhi hautakiwi kutumika baada ya chakula cha mchana. Huongezwa maji ili ulainike, fundi akaendelea, lakini saruji iliyokwisha kuanza kushika hairudi nyuma.

Jambo la mwisho. Nimewahi kuondolewa kazini kwa kudai nondo nne kwenye lenta badala ya mbili. Nafasi yangu ilichukuliwa siku hiyohiyo na mtu aliyekubali mbili. Sijitetei, nasema hali ilivyo.

Mleta uzi

Marahaba fundi, na ahsante kwa ukweli wako. Umenirekebisha mahali: nilidhani kiangazi kinaficha tu ubovu, kumbe kinautengeneza pia.

Mtu wa Mafinga

Ndugu zangu, mmezungumza kuta, mimi niongelee paa, kwa sababu mbao nyingi zinazoezekea nyumba zenu Mbeya, Dodoma na hata Dar es Salaam zinapita kwenye vinu vya kupasulia mbao vya huku Mufindi.

Shamba la Miti la Serikali la Sao Hill hukata paini iliyokomaa, lakini siku hizi sehemu kubwa ya mbao za bei nafuu zinatoka kwenye mashamba ya wananchi, ambako miti hukatwa ikiwa na miaka minane au kumi kwa sababu mwenye shamba ana ada ya shule ya kulipa. Mti mchanga kiasi hicho ni mweupe mtupu, laini, una vifundo vingi, na mbao yake hujipinda ikikauka. Ukitazama paa jipya kwa mbali na kuona bati limefanya mawimbi kama godoro la zamani, sababu huwa ni mbao iliyopandishwa juu ikiwa mbichi, ikakaukia huko ikiwa tayari imepigiliwa misumari.

Kisha kuna suala la dawa. Mbao iliyotibiwa sawasawa huingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, hewa ikanyonywa, dawa ikasukumwa ndani kwa shinikizo. Mbao ya ujanja huchovywa kwenye pipa, au hupakwa, na hutoka na rangi ileile ya kijani. Dukani hutazitofautisha kwa macho. Mwombe muuzaji akate kipande cha sentimita kumi kutoka mwisho wa mbao mbele yako, akikataa ondoka. Ukiona kijani kimeingia ndani kwa upana wa kidole au zaidi kuzunguka kiini, hiyo imetibiwa. Ukiona kijani ni kama ganda la yai na ndani ni njano safi, umeuziwa rangi. Na hata ile nzuri, fundi akiikata akiwa juu ya kenchi (fremu ya mbao ya paa), ncha iliyokatwa inatakiwa kupakwa dawa upya, jambo ambalo sijaona likifanyika.

Mwalimu, nakushauri upande kwenye dari yako kupitia ule mlango wake mdogo, ukiwa na tochi na kisu. Jipsamu yenye maua imeficha mengi kuliko rangi.

Mama wa Tukuyu

Ninaunga mkono hoja ya mleta uzi, lakini kwetu Rungwe masika moja yatakuwa mengi mno, wiki mbili zinatosha. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Mbeya mjini ni karibu 900 tu.

Linalonishangaza ni hizi nyumba za paa la kuficha ambazo sasa zimekuwa ndiyo alama ya mtu aliyefanikiwa. Ukuta unapandishwa juu ya bati ili nyumba ionekane kama boksi, bati linalazwa kwa mteremko mdogo nyuma ya ukuta huo, na maji yote yanategemea mfereji mmoja wa ndani wenye tundu moja au mawili ya kutokea. Kijijini kwetu kuna migomba, miparachichi na mikaratusi pande zote. Jani moja pana la mparachichi linatosha kuziba tundu hilo usiku mmoja, na mfereji ukijaa maji hayana pa kwenda ila ndani. Ndugu yangu alijengewa nyumba ya namna hiyo, nzuri kweli katika picha. Mwezi Aprili alikuwa akilala sebuleni na masufuria manne yamepangwa kitandani mwake.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Tazameni nyumba za zamani za misheni hapa Rungwe, misheni ambayo Wamoravian waliianzisha mwaka 1891: paa lenye mwinuko mkali na upenu mpana, kiasi kwamba mvua hailambi ukuta. Upenu wa sentimita 60 au 70 unalinda ukuta, madirisha na msingi kwa wakati mmoja, na hauhitaji matengenezo yoyote. Leo tunaukata kwa sababu ya mtindo, kisha tunanunua rangi ya kuzuia maji ya bei mbaya ifanye kazi ambayo bati la bure lingeifanya. Mtindo huo unafaa mahali pasipo na mvua, lakini hapa ni kujitafutia kesi na mbingu.

Mwana Kihesa

Iringa mjini shida yetu ni mteremko. Kiwanja kikiwa ubavuni mwa kilima, anayejenga huchimba upande wa juu na kutupa kifusi upande wa chini mpaka pawe sawa, kisha anapandisha nyumba juu ya kiwanja hicho kilichosawazishwa. Nusu ya nyumba inakaa juu ya ardhi ngumu, na nusu nyingine juu ya kifusi cha mwezi uliopita. Ufa unaogawa nyumba katikati, kuanzia jamvi (zege la sakafu) hadi lenta, mara nyingi unafuata mstari huohuo. Kifusi kinatakiwa kushindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 kila mara, huku kikinyunyiziwa maji, na bado msingi ushuke mpaka ufike ardhi ya asili. Mnunuzi hawezi kuliona hili baada ya ujenzi, lakini anaweza kuwauliza majirani kiwanja kilikuwaje kabla. Majirani hukumbuka kila kitu.

Mwenye kiu ya nyumba

Wakuu, mmenitia hofu. Nimepata nyumba mpya Iwambi, ina wiki tatu tangu ikamilike, na mwenyewe anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Sasa ni Julai, siwezi kumwomba anisubiri hadi Mei. Nifanye nini?

Fundi wa Mbalizi

Mdogo wangu, huyo mteja wa Jumamosi yupo kwenye kila nyumba inayouzwa, wala asikutie haraka.

Huwezi kuleta masika Julai, lakini unaweza kuleta maji. Omba ruhusa ya kumwaga ndoo tano au sita chini ya ukuta wa nje, upande mmoja, jioni, urudi asubuhi kuona yameelekea wapi, yakituama hapohapo umeshapata jibu la kwanza. Gonga plasta kwa fundo la kidole kuanzia chini hadi kimo chako, ukuta mzima, usichague mahali, na usikilize inapolia tupu. Panda darini kama alivyosema mtu wa Mafinga. Tembea nje ukitazama umbali kati ya ardhi na sakafu ya ndani: kama unaingia nyumbani bila kupanda hata ngazi moja, ulizia kwa nini. Na mwombe muuzaji picha za msingi na za lenta kabla ya kumiminwa zege. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera na kila mwenye nyumba hupiga picha za hatua za ujenzi kuwatumia ndugu zake. Mwenye kazi safi atakuonyesha hata usipomaliza kuuliza. Ukiona nondo katika picha, hesabu ni ngapi.

Kama bado panajengwa jirani na muuzaji ni huyohuyo, nenda ukatazame nyumba hiyo ya pili, kwa kuwa fundi ni yuleyule, mchanga ni uleule na mkono ni uleule. Pima hata nondo zake: ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa kilo 10.6 hivi. Ikipungua kilo nzima au zaidi, hiyo si 12.

Mleta uzi

Ndugu wa Iwambi, mimi nakuongezea la karatasi, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia zaidi. Katika ujenzi wa kandarasi rasmi, mjenzi huachiwa sehemu ya malipo mkononi mwa mwenye mali, mara nyingi asilimia tano au kumi, mpaka kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe, nacho huwa miezi sita au kumi na miwili. Hakuna sheria inayokuzuia kuomba jambo hilohilo katika ununuzi wa nyumba mpya. Mwambie muuzaji: nakulipa leo asilimia tisini, iliyobaki tunaiweka kwa wakili hadi tarehe 31 Mei, na mkataba utaje wazi kwamba unyevu, nyufa na uvujaji vitatengenezwa kwa fedha hiyo. Akikubali, umepata masika yako bila kusubiri. Akikataa kwa hasira, nadhani umeokoa mengi zaidi ya asilimia kumi.

Wengi mmeniuliza katika ujumbe wa faragha nyumba yangu imefikia wapi, nami nijibu hapa mara moja. Darini nilipanda siku ileile niliyosoma mchango wa Mafinga. Mbao ni za kuchovywa, kijani chake kiliisha baada ya kisu kukwangua mara mbili, lakini bado ni kavu na hakuna mchwa, kwa hiyo tumezipaka dawa kwa brashi, moja baada ya nyingine, na tutazikagua kila mwaka. Unyevu ulikuwa kazi kubwa zaidi. Tulibomoa plasta yote ya chini hadi kifuani, tukaacha matofali wazi tangu Juni ili upepo wa kiangazi uyakaushe, kisha fundi akatoa kozi mbili za chini urefu wa mita moja kwa wakati, akiruka kipande kila mara, ili ukuta usikae bila tegemeo, akatandika nailoni na kurudishia kwa matofali yaliyoiva ambayo niliyachagua mwenyewe kwa kuyagonganisha. Mwisho wa siku ya kwanza sikio langu lilikuwa limeanza kuyajua. Kuzunguka nyumba tumechimba mfereji wa mawe unaopeleka maji barabarani. Plasta mpya tunaimwagilia mimi na mjukuu, yeye asubuhi kabla ya shule, mimi jioni, na fundi amelipwa kwa siku.

Ufa wa sebuleni hatujauziba. Fundi amesema tusubiri tujue kama bado unatembea. Mke wangu amechora mistari mitatu ya penseli inayoukata ufa, mmoja karibu na dirisha, mmoja katikati, mmoja chini ya dari, na kando ya kila mstari ameandika tarehe na upana wake kwa milimita kwa mwandiko wake wa ukarani. Wa juu unasomeka milimita 2 tangu tarehe 11 Mei, na Jumapili iliyopita ulikuwa bado 2. Kufunga mkanda mpya wa zege kuzunguka nyumba iliyokwisha ezekwa ni gharama nisiyoweza mwaka huu, kwa hiyo ukuta huo tumeusogezea mbali vitanda vyote. Mvua zikianza Novemba nitarudi hapa na vipimo vya mistari hiyo mitatu.